Popo Wangu Hakugeuka

Dzifa, uko wapi? Nimejaa wivu mpaka kooni.

Leo tumewaachilia huru wale popo wawili tuliowaokota na watoto wa darasa langu. Mmoja nimemlea mimi, mwingine Enyonam, yule mwalimu mpya. Mimi nilivaa glavu, nikamlisha papai kimya kimya, asije akamzoea mtu. Yeye alimwimbia wake! Alimbeba kifuani!

Wangu kaning'inia tawini, kajinyoosha, karuka. Hata hakugeuka. Hakuna mtoto aliyepiga makofi, Dzifa. Hakuna!

Wa Enyonam akazunguka, akarudi, akang'ang'ania blauzi yake. Watoto wakalipuka: "Anakupenda, anti!"

Halafu Selorm, Selorm wangu niliyemfundisha kumenya papai, akaniuliza, "Anti Akofa, wako alikuwa anakukimbia?"

ANAKUKIMBIA!

Nikamwambia Enyonam, "Umemharibu, huyo hataweza kuishi na wenzake." Akacheka. "Wivu huo, dada."

Wangu yuko huru, na ndicho nilichotaka. Sasa niambie, mbona watoto wameshaenda kula ugali wa akple na mimi bado nimesimama chini ya mti, papai mkononi, namwita?