Rauta ya Nshamba

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mkopo umekataliwa. Nuriat wa benki aligeuza kompyuta nisome mwenyewe: mdaiwa sugu, intaneti, Nshamba, miezi kumi na tisa. Nikamwambia huduma ile niliifunga Agosti 2023. "Bwana Kamala, mashine haijui ulifunga. Inajua hukulipa."

Mdogo wangu Clavery anauza kibanja alichoachiwa na baba. Mnunuzi ni mtu wa Mwanza. Kwa desturi ukoo hununua kwanza. Tumepewa hadi Ijumaa, tarehe 21. Wenzangu wote wamejitoa. Nimebaki mimi. Baba na mama wamezikwa pale, katikati ya migomba.

Siku kumi na moja.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga simu kampuni ya intaneti mara sita. Mara ya sita akapokea mtu. Anasema rauta haikurudishwa, ndiyo maana akaunti iliendelea kuhesabu. Nilete risiti ya kuirudisha.

Sina. Ilikuwa intaneti ya ofisi yetu ndogo ya redio. Nilisaini kwa kitambulisho changu kwa sababu mkurugenzi alikuwa safarini. Tulipofunga ofisi, rauta nilimkabidhi Avit, wakala wao pale Nshamba. Avit ni mtoto wa baba mdogo. Katika uandishi wangu nimedai risiti hata kwa mawaziri. Kwake sikudai — ukoo mzima ungesema nimemwita mwizi.

Nikauliza: nikilipa tu? Akasema deni litafungwa, lakini alama ya mdaiwa sugu itabaki miaka. Benki haitaki alama.

Alhamisi, 13 Machi

Nshamba. Avit alinipa kahawa ya kutafuna kabla sijakaa. "Waitu kaka, mbona umekuja na uso wa mahakama?" Nikamwuliza rauta iko wapi. Anaapa aliipeleka Bukoba mwenyewe. Aliapa mara tatu. Mtu mkweli huapa mara moja.

Nikaenda nyumba ya wageni ya Jovita kunywa chai. Juu ya kaunta, taa nne za kijani. Nikaomba kiti, nikapanda. Namba iliyo chini ya rauta inafanana na ya mkataba wangu, tarakimu zote kumi na mbili. Jovita akacheka: "Mwandishi, unakagua hadi vumbi langu?" Akasema rauta aliuziwa na Avit. Alimpunguzia bei, ni kijana mwema. Nimepiga picha.

Jumapili, 16 Machi

Avit alikuja kwangu Kitendaguro baada ya misa. Nilimwonyesha picha. Akaikuza kwa vidole, akasoma namba. Halafu: "Nilidhani wakubwa wale wataisahau. Wana rauta elfu!" Hakujua kwamba kuna mahali jina langu linaandikwa.

Amekubali kuandika barua kwamba aliipokea. Anaomba nisitaje kuiuza. "Kazi ndiyo hii moja, kaka."

Nikakubali. Kupokea ni ukweli. Mengine hakuulizwa mtu.

Jumanne, 18 Machi

Barua imefika ofisi ya kampuni, Bukoba, saa mbili na nusu. Saa nne wakanipigia. Barua nzuri. Sasa rauta iko wapi?

Wanatutaka wote wawili keshokutwa.

Alhamisi, 20 Machi

Saa tano na dakika ishirini. Naandika kwenye benchi la koridoni. Avit alikaa ndani dakika arobaini, akatoka bila kuniangalia. Amevaa suti ya harusi yake.

Meneja, Bi Annastella, ni mpole na hapotezi muda. Avit amesema hakumbuki. Bila maelezo ya kifaa, barua yake haina nguvu. Mimi niandike malalamiko dhidi ya wakala, kwa jina, nikiambatanisha ushahidi kama ninao. Leo hii jina langu linasafishwa. Avit anaachishwa kazi, na polisi wanaarifiwa. Nikauliza njia ya tatu. Pingamizi la kawaida, akasema: siku ishirini na moja.

Clavery amepiga simu. Mtu wa Mwanza ameshalala Nshamba, anasubiri kesho. "Kaka, nimwambie nini?"

Nuriat pia: faili langu liko mezani kwake likisubiri jina lisafishwe, anafunga saa tisa.

Avit amesogea, amekaa kwenye benchi hili hili. Ameniambia polepole, kwa Kihaya, kwamba mkewe hajui yuko hapa.

Fomu ni ukurasa mmoja. Nimejaza tarehe, namba ya mkataba, namba ya rauta. Nafasi ya jina la mlalamikiwa ni mstari mmoja. Ameegemea, anasoma ninachoandika.