Wali wa Sufuria Moja

4 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na wale wanafunzi wako wanaokula kama nzige, bado wanakumalizia ukoko? Mimi sijambo, ila tumbo limenigeuka. Chakula cha vibandani hapa ni mafuta matupu, na maharage yao yakilala siku mbili wanayapasha wanakuuzia.

Kazi nimeipata, usiwe na wasiwasi tena. Ni karakana ya makochi. Mimi nakata sponji na kugonga mbao. Mwenzangu mmoja anashona vitambaa vya kuvalisha. Huyo ndiye ninayeishi naye chumba kimoja. Wanamwita Twiga kwa sababu ya shingo, na yeye mwenyewe ukimwita jina lake halisi haitiki. Ni mtu wa maneno machache na mikono safi. Hapendi ugomvi hata wa kuku.

Tuna jiko moja la mkaa na sufuria moja. Tukitoka kazini jua limezama na nguvu zimetuishia. Nifundishe kitu cha kupika mara moja, wali na kitoweo humo humo, tule tulale. Nyama ya kusaga tunaipata kwa mchinjaji wa kona kwa bei nafuu. Usinicheke.

Mwanao


15 Mei

Mwanangu,

Marahaba, baba. Mgongo upo, mimi nipo, tumeshazoeana. Barua yako nimeisoma jikoni shuleni nikiwa nakoroga uji, nusura niunguze chakula cha watoto mia tatu kwa ajili yako.

Kucheka nimecheka. Wewe uliyekuwa ukiulizwa chumvi iko wapi unaonyesha kabati la viatu! Haya, sikiliza. Osha mchele, uloweke uuweke kando. Kaanga kitunguu mpaka kiwe na rangi ya kahawia, usikimbilie. Tia saumu na tangawizi, halafu nyama. Nyama ya kusaga hutoa maji; yaache yakauke, uikaange mpaka uisikie inalia kwenye sufuria. Hapo ndipo unatia nyanya, karoti uliyoikata vipande vidogo, pilipili manga na chumvi. Nyanya zikishapondeka, mimina maji yachemke, tia mchele, funika.

Maji yakikaribia kukauka, punguza moto chini, uchukue makaa machache uyaweke juu ya mfuniko. Wali uive kwa moto wa juu na wa chini. Usifunue funue kama mtu anayemchungulia mgonjwa.

Msalimie Twiga. Mwambie shingo hiyo asiiache bila skafu, baridi yaja.

Mama yako


2 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, umenyoosha miguu.

Mara ya kwanza tulikula uji wa nyama. Mara ya pili tulikula mkaa, maana mfuniko uliteleza. Ya tatu, Mama, Twiga alikula hadi akafungua mkanda, akasema maneno manne mfululizo, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Alisema: "Mama yako aishi sana." Sasa kila Jumatatu hadi Ijumaa ni hicho hicho. Mimi napika, yeye anaosha. Jumamosi na Jumapili mwenye nyumba huenda kwa binti yake, kwa hiyo tunapikia uani tukiwa tumejinafasi, tunafua, tunaota jua.

Shida ni siku za kazi. Mwenye nyumba hataki moshi uchafue kuta zake, kwa hiyo tunapikia barazani kwa nyuma. Huko upepo unapuliza kama umetumwa. Makaa yanakwisha kabla mchele haujaiva, na baridi inatupiga tukiwa tumechuchumaa pale. Jana wali ulikuwa na kiini. Tulitafuna tu.

Mwanao


12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila goti moja limeanza kuiga mgongo.

Unachuchumaa kwenye upepo kwa nini, na chumba unacho? Washeni jiko nje. Moshi ukishaisha na makaa yakawa mekundu, liingizeni ndani. Hapo mwenye nyumba hana cha kulalamikia, kwani makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi. Funga mlango, na kama dirisha lina ufa ziba kwa gunia, joto lisipotee. Mtapika na kuota moto kwa mkaa ule ule. Mimi kila msimu wa baridi nalala jikoni na jiko langu likiwa miguuni, na niko hapa nakuandikia.

Na Twiga mwambie maneno yake manne nimeyapokea.

Mama yako


27 Juni

Mama,

Shikamoo. Goti linasemaje? Jaribu kulifunga kitambaa cha moto.

Tumefanya ulivyosema. Twiga ameziba dirisha kwa mabaki ya sponji kutoka karakana, kazi safi kama ya kochi; hata sauti za barabarani hazisikiki. Chumba kinakuwa na joto mpaka tunavua masweta. Wali unaiva hadi punje ya mwisho.

Ila tumepata kaugonjwa ambako hatukaelewi. Jioni tukishakula, kichwa kinanigonga hapa kwenye paji, na miguu inakuwa kama si yangu. Twiga naye alitapika Jumanne, na Alhamisi tena. Asubuhi tunaamka tumelewa usingizi, msimamizi karakana ananiambia macho yangu ni kama ya mtu aliyepigwa. Tulidhani ni nyama, tukabadilisha mchinjaji. Tukadhani ni gundi ya kazini, lakini wenzetu wote wanaishika na hawana neno. Jumamosi na Jumapili tunakuwa wazima kabisa. Twiga anasema labda ni mwili unachukia kazi. Tulicheka, lakini alicheka huku ameshika ukuta.

Mwanao


8 Julai

Mwanangu,

Sijambo.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyopenda. Kichwa kinagonga jioni. Miguu si yako. Unatapika. Asubuhi macho kama ya mtu aliyepigwa, msimamizi amekuona. Na siku za kazi tu, zile mnazotoka karakana mkiwa wawili.

Niliishi na baba yako miaka mingi, baba. Yeye naye alianza hivyo hivyo: mara ni nyama, mara ni vumbi la kazini. Nilibadilisha mchinjaji mimi. Mpaka siku walipomleta kwenye mkokoteni ndipo nilipoacha kubadilisha wachinjaji. Kwa hiyo usiniandikie habari za gundi. Niambie mnapitia wapi mkitoka kazini, na nani anayewanywesha. Kama ni huyo Twiga na ukimya wake, mwache leo.

Sikukasirikii. Naogopa.

Mama yako


29 Julai

Mwanangu,

Hujambo, baba? Mimi nipo, sina la kulalamika ila kukusubiri.

Barua hazijaja. Kila lori la posta likipita nasimama mlangoni kwa karani wa shule, sasa ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza. Nakujua, ukiumia hupigi kelele, unafunga mdomo. Kama nilikukosea, nitukane basi, lakini niandikie. Kukaa kimya kwako sijui kukusomaje. Nikikaa najiambia amekasirika. Nikilala najiambia mengine.

Baridi huku imezidi. Huko je?

Mama yako


2 Agosti

Mwanangu,

Soma hapa kwanza, salamu baadaye. MSIPIKE NDANI MMEFUNGA MLANGO. Toeni jiko nje leo. Toeni ile sponji dirishani.

Leo nilikuwa nakunywa chai na muuguzi wa shule, nikajikuta nammwagia yaliyo moyoni, kwamba wewe umeanza kunywa. Akaniuliza dalili. Nikamwambia. Akaniuliza mnapikia wapi. Nikasema ndani, kwa sababu ya baridi. Akauliza kama mlango unafungwa. Nikasema mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia waufunge.

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Andika sasa hivi. Usimalize hiyo chai."

Anasema makaa yanatoa hewa mbaya hata yakiwa mekundu bila moshi, haina harufu wala rangi, na mtu huisikia kama usingizi tu. Nilimbishia. Nilimwambia nalala na jiko miguuni kila mwaka. Akanichukua hadi jikoni kwangu akanionyesha juu, pale paa lisipokutana na ukuta, unaona mbingu. Akasema, "Hicho ndicho kinachokuweka hai." Sikuwahi kufikiri kuhusu lile pengo, ila kulilaani mvua ikinyesha.

Nisamehe la pombe. Toeni jiko.

Mama yako


11 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Naanza na hilo ili ukae chini.

Twiga amefariki.

Sikukuandikia kwa sababu barua yako ya habari za baba iliniuma. Sijawahi kuonja pombe. Twiga aliniona nimeikunja, akaniuliza, nikamwambia. Akasema nikuandikie tu, maana anayeuliza bado anakupenda. Nikasema kesho. Nikasema kesho nyingi.

Ilikuwa tarehe mosi, Alhamisi. Mvua ilitupiga njiani, tukafika tumelowa chapa chapa. Niliwasha jiko barazani, nikaliingiza, tukafunga. Twiga alibadilisha nguo akasema anajinyoosha kidogo, nimwamshe chakula kikiiva. Nilikaanga nyama, nikatia mchele, nikaweka makaa juu ya mfuniko. Nilikaa kwenye kigoda nikasikia usingizi mtamu sana, Mama, usingizi ambao hautaki kuulizwa. Kilichoniokoa ni haja ndogo. Niliinuka niende chooni, miguu ikakataa. Nilijivuta kwa kushika ukuta mpaka kwenye komeo, nikafungua, nikaangukia kwenye korido. Sikumbuki sakafu.

Jirani yetu, fundi saa, ndiye aliyenikuta. Yeye na majirani wengine wakanipepea, nikatapika, nikaanza kuita Twiga. Walimtoa wakamlaza kando yangu. Midomo yake ilikuwa na wekundu, mwili una joto, nikadhani amelala. Nilimwambia chakula tayari. Nilimwambia mara mbili. Fundi saa akanishika mkono.

Sufuria haikufunuliwa. Jirani aliikuta asubuhi, wali umeiva vizuri kabisa. Aliumwaga.

Daktari alisema ni hewa ya mkaa, akaandika. Lakini mjomba wake alikuja kuchukua mwili, na hakunipa mkono. Alisema watu wote duniani hupikia mkaa, basi iweje wawili wawe chumba kimoja, mpishi apone, afe asiyepika? Aliniambia mbele ya wafanyakazi wote wa karakana: "Wewe unajua ulichomlisha." Nilitaka kumwambia hakula. Alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Wamemzika kwao, na mimi nikakatazwa kwenda. Sasa kazini watu wakichemsha chai wananiruka, au wanasema hawana kiu.

Barua yako ya kututahadharisha ilifika baada ya jeneza kuondoka. Ungeiandika siku moja mapema isingetuwahi vilevile, kwa hiyo usianze kuhesabu. Mimi nimehesabu kwa niaba yetu wote wawili, na hakuna kinachotoka.

Sijapika tangu siku hiyo.

Mwanao


23 Agosti

Mwanangu,

Hujambo, baba yangu. Umekula? Kula. Hata mkate mkavu.

Ulisema nisihesabu. Sikuhesabu. Niliomba ruhusa shuleni, nikapanda basi nikaenda kwao Twiga. Usikasirike kwamba sikukuuliza, ungenikataza.

Nyumba yao iko mwisho wa barabara ya vumbi, ina maua kwenye makopo. Mama yake ni mrefu kama mwanawe, na ile shingo nikaitambua kabla hajageuka. Ndugu walikuwa bado hawajatawanyika. Nilisema mimi ni nani, na mjomba akasimama mlangoni akitaka nitoke. Mama akasema niachwe niseme.

Nikasema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitaweza. Niliwaambia kijana wangu alikuwa akipikia nje kwenye upepo kama mtu mwenye akili. Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyemwandikia aingize jiko ndani. Mimi ndiye niliyesema funga mlango, ziba dirisha. Kama kuna aliyemuua mtoto wenu kwa ujinga, ni huyu hapa. Mwanangu mwacheni." Nikaeleza yote kama muuguzi alivyonieleza. Mjomba alisikiliza akiangalia ukuta. Mwishowe aliketi. Hakuomba radhi, wala mimi sikwenda kuidai.

Mama Twiga hakulia, hakunifukuza. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kupigwa. Kisha akaniuliza siku ile walipika nini. Nikamwambia wali na nyama ya kusaga, sufuria moja. Akasema mwanawe alikuwa akiupenda huo, aliwahi kuutaja katika barua, na kwamba alipokuwa mdogo alikuwa hawezi kulala na njaa, akigeuka geuka usiku kucha.

Akanishika kiganja. Akaniuliza, "Alikula?"

Barua yako nilikuwa nayo kifuani, ndani ya blauzi. Nilijua ulichoandika, neno kwa neno.

Nikamwambia alikula. Nikamwambia alikula akashiba, akafungua mkanda, akasifu, ndipo akalala.

Alifumba macho, akaniachia mkono, akaenda kunichotea maji ya kunywa.

Amesema anataka kukuona, mwezi ujao ukipata nafasi. Nenda. Atakuuliza na wewe. Tazama chini ukitaka, lakini mdomo wako useme kama wangu: alikula.

Mama yako