Maganda Marefu ya Orrin

Jumatatu, 14 Oktoba

Haya, mume wangu Orrin amerudi gereji! Tangu daktari amnyang'anye ufunguo wa pikapu alikuwa akikaa tu dirishani, hataki gazeti, hataki redio. Leo kavaa aproni, kawasha hita, anapiga mluzi. Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo, na mwaka huu ni zamu yake kubeba bunduki ya marehemu baba yao. Mwaka mmoja Orrin, mwaka mmoja mdogo wake Delbert. Ndivyo baba yao alivyoagiza, na sisi akina Tveit hatubishani na marehemu.

Risasi za bunduki ile huzipati dukani. Orrin anazitengeneza mwenyewe kwa maganda ya risasi za jeshi zilizokwishapigwa. Analibana ganda kwenye kalibu ya chuma, bega la ganda linarudi nyuma, shingo inakuwa nyembamba, halafu anakata mdomo mpaka urefu unaotakiwa. Nilimpelekea kahawa nikapewa na mhadhara. Shaba ukiibana inakimbilia shingoni, ganda linarefuka, kwa hiyo unapima na kukata mwisho, Arlys, mwisho! Nikamwambia wimbo huo nimeusikia tangu fungate. Akacheka. Amecheka!

Jumatano, 16 Oktoba

Theluji ya kwanza. Delbert kaja kuchukua risasi chache za mwanzo. Bunduki bado iko kwake, ataijaribu kwenye machimbo ya kokoto kabla ya kuikabidhi.

— Shemeji, umefuata risasi au pai yangu?

— Risasi ni kisingizio tu, shemeji. Kata kipande kikubwa, usinifanyie uchoyo.

Jioni mtoto wetu Kari akapiga simu kutoka mji wa Billings. Anataka bunduki zote zitoke humu ndani. Eti baba anasahau, si yule tena. Nikamwambia baba yako anapiga mluzi. Akasema hilo si jibu, mama, na likitokea jambo moja tu anakuja kuzichukua mwenyewe. Huyu mtoto ana adabu za baba yake — yaani hana.

Alhamisi, 17 Oktoba



Nilikwenda gereji kuchukua mtungi wa achari. Orrin alikuwa amelala usingizi wa mchana. Maganda yamepangwa kwenye trei yanang'aa, nikachukua moja, nikachukua na venia, kile kipimo chake cha chuma, nikapima kwa kucheza tu. Refu. Nikadhani nimekosea kusoma. La pili refu. Nikapima trei nzima — yote marefu kupita kiasi!

Alipoamka nikamuuliza kama mtu asiye na habari, hivi unaanza na nini, kukata au kubana?

— Kukata. Nimeshayakata yote, yako sawasawa.

— Halafu?

— Halafu nayapitisha kwenye kalibu mara ya mwisho, yapate umbo. Vipi, na wewe unataka kuwa fundi?

Kinyume! Kinyume kabisa! Kosa hilohilo la Delbert, alilomcheka nalo majira yote ya baridi yaliyopita mbele ya watu wa kanisa. Na kanitazama machoni, hana wasiwasi wowote. Ganda refu mdomo wake unajikaba pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, unaishika risasi isitoke. Moshi wa baruti hauna pa kwenda. Bunduki ya kale ile itapasukia usoni mwake. Haya yote kanifundisha yeye.

Nilikwenda kumenya viazi nikalia juu ya viazi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Delbert alimpitia wakaenda kwenye kahawa ya wanaume kanisani. Nikajifungia gereji. Nikayakata yote upya, moja moja, kwa kile kimashine cha kuzungusha kwa mkono. Nikapima kila moja. Kiganja kimetoka malengelenge. Nikayarudisha kwenye trei kama yalivyokuwa, nikafagia unga wa shaba wote. Nilijiona mwizi wa kazi ya mume wangu.

Karudi, kaanza kutia baruti. Nikaleta sweta ninayofuma nikakaa karibu yake, nikidai gereji ndiko kwenye joto. Nilitazama kila kipimo. Hakukosea hata kimoja! Huyu ndiye Orrin wangu. Basi kama nikimsimamia hivi, kimya kimya, kuna ubaya gani? Kari hana haja ya kujua. Yeye mwenyewe hana haja ya kujua.

Nimepumua leo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandikia ndani ya pikapu, machimboni. Vidole baridi.

Kwenye kifungua kinywa Orrin kasema, Delbert atakuwa anaijaribu bunduki sasa hivi. Mungu wangu! Zile risasi za Jumatano! Nilimfikiria mume wangu tu, za shemeji zilinitoka akilini kabisa. Nikapiga simu, haiendi, huku machimboni hakuna mtandao. Nikachukua ufunguo. Orrin kanifuata na koti, na yeye anataka kwenda. Sikuwa na muda wa kubishana.

Nilimwambia njiani. Nilishika usukani nikatazama barabara nikasema yote kwa pumzi moja. Orrin, ulikata kabla ya kubana. Maganda ni marefu. Delbert anayo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema tu:

— Endesha.

Tumemkuta Delbert anagonga komeo la bunduki lililokwama kwa gogo la kuni. Kapiga moja tu. Uso mweusi kwa moshi, kioo kimoja cha miwani kina ufa. Yu mzima! Yu mzima, nimemkumbatia mpaka kalalamika.

— Kaka, ulitia baruti ya kupasulia mlima? Komeo lilikuwa gumu kufunga, nikalisukuma kwa kiganja. Nikasema, kama ni mkono wa Orrin, litaingia tu.

Orrin kamwomba risasi ambayo haijapigwa. Kalipima ganda lake. Kapima tena, kasogeza venia mbali na macho, karibu na macho. Delbert kaanza mzaha wa kulipiza ule wa majira ya baridi, akamwona usoni, akaacha katikati.

Ndipo Orrin akanigeukia, mbele ya mdogo wake.

— Yale ya nyumbani umeyakata wewe?

— Ndiyo.

— Yote?

— Yote.

— Baada ya kubana?

— Baada.

— Umefanya vizuri, Arlys.

Nikashindwa kusimama pale. Nimerudi kwenye pikapu. Nawaona kupitia kioo. Komeo limefunguka, Delbert kaipangusa bunduki kwa kitambaa, kaiweka kwenye bodi ya pikapu yake. Orrin anaisogeza upande wa Delbert, anamwachia zamu. Delbert anatikisa kichwa, anairudisha. Zamu ni yako, nasikia, baba alisema! Orrin anasema kitu kifupi, sikisikii. Delbert kavua kofia, sasa analia waziwazi kama mtoto. Bunduki imelala katikati yao, hakuna anayeishika.

Orrin anakuja upande wangu. Mikono mitupu. Anagonga kioo —