Gauni la Kijani

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Leo nimesoma habari kwenye televisheni nikiwa nimevaa kitenge cha mama! Fundi Rebeka kanishonea gauni, limekaa mabegani kama nimezaliwa nalo. Kijani, na wale ndege weupe. Shangazi Wilhelmina alinigawia siku ya kuanua tanga la mama, baba yangu, Tata, akiwa nje na wanaume. Mama alikuwa akikivaa Krismasi tu, kanisani. Na aliyemnunulia ni Tata mwenyewe, Bukoba, zamani hizo. Nilitaka nikisoma na mama awepo. Basi.

Mihayo, ninayepokezana naye kusoma, kasema nimependeza. Bosi wetu Luhaga hakusema kitu, katabasamu tu. Huyo hatabasamu bure.

Jumanne, 3 Oktoba

Asubuhi nimepiga magoti kama siku zote. "Shikamoo Tata." Kimya. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Kainuka, kaenda uani.

Baba yangu! Mzee Severine, ambaye hata mlevi wa njiani akimwamkia humwitikia marahaba na kumwuliza habari za kwao. Mimi kaniacha nimepiga magoti sakafuni.

Jioni jirani yetu Mzee Nkwabi kanieleza. Jana usiku walikuwa kwake wanatazama habari, Tata kiti cha mbele kama kawaida. Wakaja watu waliokuwa wakitazama baa, kwenye televisheni ya rangi. Wakamcheka. Eti Koku wako kavaa sare ya chama tawala, mwezi wenyewe wa uchaguzi! Na wewe ndiye unayetuhubiria mageuzi mtaa mzima! Tata kaondoka bila kuaga.

Lakini televisheni ya Nkwabi haina rangi! Nyeusi na nyeupe, na chenga juu. Kijani Tata kakiona wapi? Kaambiwa. Kaambiwa na walevi, kaamini.

Jumatano, 4 Oktoba

Shikamoo. Kimya.

Shangazi anasema, mwambie ni nguo ya mama yako, mambo yaishe. Nimekataa. Miaka yote hii ananijua, leo nimletee kitambaa kama ushahidi mahakamani? Aniamini kwanza. Na shangazi nimemkataza asimwambie.

Ndizi nilizopika kazila zote. Kwa hiyo njaa hana ugomvi nayo.

Jumapili, 8 Oktoba

Mihayo naye kapata yake! Juzi alikohoa akitaja jina la mgombea wa chama tawala. Jana wamekuja watu mpaka mlangoni pa studio: mtangazaji huyu mpinzani, anadharau. Kikohozi nacho kina chama! Tumecheka mpaka nikashika mbavu. Kituo chetu cha televisheni ya waya bado kinatambaa, hata kusimama hakijaweza, na tayari kila mtu anajua kiko upande gani. Ila kila mtu anataja upande tofauti.

Nimefika nyumbani, kicheko kimeisha mlangoni. Kanisani Tata alikaa benchi jingine. Watu wameona.

Jumamosi, 14 Oktoba

Wapinzani walikuwa na mkutano hapa Kirumba. Tata karudi viatu vimejaa vumbi, sauti imekauka, anaimba! Tangu mama azikwe sijamsikia akiimba. Akamwambia Nkwabi juu ya ua, leo mtaona kwenye habari, watu walijaa mpaka juu ya miti. Alisema kwa sauti kubwa. Nadhani alitaka nisikie. Nadhani alikuwa ananipa nafasi.

Nimekwenda studio mbio. Habari ya mkutano ilikuwa ukurasa mzima, Mihayo kaandika vizuri. Luhaga kapitisha kalamu. Imebaki sentensi moja, mwisho kabisa, baada ya hali ya hewa ya ziwani: wapinzani nao walifanya mkutano. Picha hakuna. Nikamwuliza kwa nini.

— Soma, binti. Leseni ya kituo haikuanguka kutoka mbinguni.

Nimesoma. Na sauti yangu ilikuwa nzuri! Haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 15 Oktoba

Nkwabi anasema Tata alialika watu. Sebule ilijaa. Sentensi ile ilipopita, hakuna aliyecheka. Walimwonea huruma, wakaanza kuzungumza mambo ya bei ya sato.

Nimewaza tangu asubuhi. Kwenye gauni Tata kanionea. Kwenye habari hajanionea.

Leo nimepiga magoti mbele yake na shikamoo imenikwama. Mimi ndiye niliyeshindwa.

Jumanne, 17 Oktoba

Mihayo kaniuliza kwa nini tusigome. Nikamwuliza, tukale wapi? Tukasoma.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimekaa nikaamua. Leo namwambia kila kitu, cha kitenge na cha kalamu ya Luhaga. Nimemkuta kibarazani anatafuna punje za kahawa. Nikavuta mkeka. Kabla sijafungua mdomo, kasema — siyo kwangu, kwa ukuta:

— Afadhali mama yake alitangulia. Hakuyaona haya.

Neno la kwanza tangu siku ile, na ndilo hilo! Ningemwambia hapo hapo. Tata, mama yumo humo humo kwenye hicho unachokiita sare. Badala yake nimekunja mkeka, nimekwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mjinga mimi. Mjinga na kiburi chake.

Jumapili, 29 Oktoba

Tata kaanguka.

Alitoka kukiwa bado na umande, kavaa koti lake la harusi. Alitaka apige kura mapema. Foleni ilikuwa ndefu, jua likapanda. Waliombeba mpaka barabarani ni watu wa vyama vyote, Nkwabi kashika miguu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake rangi.

Kiharusi. Upande wa kulia umelala. Maneno hayatoki.

Nimemkagua kidole. Hakina wino. Kaanguka kabla hajapiga.

Jumatatu, 30 Oktoba

Wodini. Nesi Tereza anasema ongea naye, dada, anasikia. Niongee nini? Nimekuja nimevaa gauni la kitenge cha mama. Nilidhani akilitazama karibu, kwenye mwanga, hatahitaji maelezo. Ndivyo nilivyodhani nikitoka nyumbani.

Mihayo kaja kunitazama na ujumbe wa Luhaga. Matokeo ya kwanza yanasomwa leo, bosi anamtaka Koku, sauti ya Koku inatuliza watu. Tayari keshachagua kata zipi zisomwe. Nikamwuliza Mihayo, na zilizobaki? Kasema gari la ofisini litanifuata.

Nimepiga magoti hapa chini, saruji baridi. "Shikamoo Tata."

Mdomo umetikisika. Mate yametoka, neno halikutoka. Nimesubiri. Nimemfuta. Halafu mkono wa kushoto, ule mzima, umetambaa juu ya shuka ukashuka ukakamata pindo la gauni langu, pale penye ndege. Kakamata kwa nguvu! Sikujua bado ana nguvu hivyo.

Nimemwuliza, Tata, unakijua kitenge hiki? Unakikumbuka? Ananitazama tu. Jicho moja linatoa machozi, la pili kavu.

Gari la ofisini liko nje, linapiga honi. Tereza kachungulia, dada wanakuita. Nimevuta kidogo, taratibu. Haachii. Naandika nikiwa hapa hapa chini, daftari gotini, yeye kashikilia. Honi tena. Sijui ananizuia nisiende, au anataka nilivue.