Mama Ameanza Kununua Mwenyewe

Jumapili, 3 Novemba

Nimerudi kutoka kazini, mlango haufunguki! Nikasukuma kwa bega. Maboksi. Ukumbi mzima maboksi.

"Ya Mama yote," anasema Chandrika, anajizuia kucheka. Chandrika ametulea tangu nikiwa chekechea. Akicheka, kuna jambo.

Mama! Huyu huyu aliyekuwa akisema kununua kwa simu ni kuchagua tikiti maji kwa picha. Ndani: shuka za rangi ya waridi, kikamulio cha ndimu cha rangi ya dhahabu, viatu vya mazoezi. Viatu vya mazoezi! Vya kutokea sebuleni kwenda garini?

"Punguzo la Novemba, mwanangu. Mwenye akili hununua sasa."

Basi Kuwait nzima ina akili.

Jumanne, 5 Novemba

Nina mafua, nimebaki nyumbani. Na nimeona maajabu — Mama amekwenda duka la ushirika la mtaa. Mwenyewe. Kwa miguu! Tangu Baba afariki, miaka sita sasa, vitu vyote huletwa na dereva, Shaji, na akikosea aina ya mtindi nyumba haikaliki. Leo Shaji yuko kivulini anaosha gari lililo safi, amenuna kama mke aliyeletewa mwenzake.

Mama karudi na ndimu mbili. Mbili tu. Na wanja machoni.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefungua boksi nikidhani ni chaja yangu. Kumbe manukato ya udi — ya kiume! Yale mazito ya wazee wanaojipenda. Nikajua ni zawadi ya kumpa kaka yangu Mishari. Nikampigia kumtania kwamba anadekezwa mno.

"Mimi nimezaliwa Juni," kasema. "Hebu mwangalie Mama, asije akawa anatapeliwa."

Nimelibandika boksi upya. Vibaya, lakini nimelibandika.

Jumamosi, 9 Novemba

Siamini. Ngoja niandike polepole.

Tulikwenda kwenye maduka makubwa. Watu kama sikukuu: mabaibui, sari, familia nzima za Kimisri na toroli tatu tatu. Mama kaingia duka la nguo za sherehe, kashika gauni la buluu. Buluu! Miaka sita ni nyeusi, kahawia, nyeusi.

"Nipunguzie," kamwambia muuzaji, msichana wa Kifilipino, Rowena.

"Mama, hapa bei haipungui. Mashine ndiyo inayosema."

"Iambie mashine mimi ni mteja wa zamani."

"Sijawahi kukuona, Mama."

"Basi nikirimu kama mgeni!"

Rowena kacheka mpaka kaegemea kaunta. Kamsajili uanachama wa duka, na punguzo likapatikana. Mama katoka kidevu juu.

Halafu tuko kwenye chai, anakoroga sukari, hanitazami: "Hessa, nimeposwa."

Baba Dhari. Rubani mstaafu, mkewe alifariki zamani, anakaa barabara ya nyuma yetu. Walikutana Septemba, ushirika, kwenye samaki, wakati Shaji yuko likizo. Tangu hapo, kila Jumanne nikiwa kazini! Shaji anajua. Chandrika anajua. Mimi ndiye mpangaji humu ndani.

"Alinichagulia zubaidi," Mama kasema. "Akamfunua mashavu nione wekundu. Baba yenu, Mungu amrehemu, alidhani samaki huzaliwa amekaangwa."

Nikacheka hadi machozi. Garini nikaiwaza nyumba bila yeye. Kicheko kikaisha.

Ijumaa, 15 Novemba

Mishari kaja kula mchana. Machbusi ya kuku, wali umekolea zafarani. Mama kasubiri awe na tonge mdomoni ndipo akasema. Mama ana akili sana.

Mishari kameza kwa shida. "Watu barazani watasema nini?"

"Watasema nilikwenda kununua samaki nikarudi na bwana."

Mimi nikapaliwa. Mishari hakucheka hata kidogo. Kasema yeye ndiye walii wa Mama, wa kumwozesha, na bila yeye hakuna ndoa. Kaondoka hata mikono hajanawa.

Mama kamaliza sahani yake. Kisha kamaliza na ya Mishari.

Jumapili, 17 Novemba

"Nifundishe kurudisha vitu vya kwenye simu," Mama kasema. Maboksi ameyapanga tena mlangoni, yamefungwa vizuri kuliko yalivyokuja. Hata gauni la dukani, juu kabisa.

Nikamwambia mtandao umekatika. Uongo mtupu. Chandrika kanikonyeza.

Jumanne, 19 Novemba

Mama hakutoka. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda ushirika mimi. Na maneno yangu makali ya kumwambia Baba Dhari nimeyaandaa!

Kwenye samaki, mzee mrefu, kanzu imenyooka pasi mpaka unaogopa kuigusa, anabishana na Mmisri muuzaji.

"Huyu amekufa wiki iliyopita!"

"Wiki iliyopita, Kapteni? Mbona bado anakutazama?"

Ndiye. Kageuka. "Wewe ni Hessa. Nyusi hizo ni za mama yako akikasirika."

Hakuniuliza ndiyo wala hapana ya posa. Kauliza kama Mama anaumwa. Nikasema haumwi, ana huzuni. Kashika toroli yake tupu, kafikiri.

"Mwambie asiache kutoka kwa sababu yangu. Jumanne ni yake. Mimi nitakuwa nakuja Jumatano."

Maneno yangu makali nimerudi nayo yote. Nimempigia Mishari, nikamweleza neno kwa neno. Mishari kauliza: "Jumatano saa ngapi?"

Jumatano, 20 Novemba

Shaji kaja mbio na umbea. Kamwona Mishari ushirika — na Baba Dhari! Saa nzima!

"Wanagombana?"

"Hapana, madamu. Wanaonja jibini."

Mishari hapokei simu.

Ijumaa, 29 Novemba

Siku ya punguzo kubwa kuliko yote, nchi nzima imeinamia simu. Mama hajaigusa yake. Baba Dhari ametuma salamu: anakuja leo baada ya alasiri, na kaka zake, kuposa rasmi. Bila walii atapokelewa na nani? Mishari wiki nzima hajajibu kitu.

— Sasa hivi gari la Mishari limeingia! Kapita bila salamu, kafungua baraza ya Baba, chumba cha kupokelea wageni wanaume, kawasha taa zote. Namsikia anamfokea Chandrika: wapi makaa ya ubani, nani kaweka tende zilizokauka, kahawa hii ni ya kuwapa wageni au ya kuwafukuzia?

Gari jingine nje. Mawili.

Naandika nimesimama dirishani. Mama yuko nyuma ya pazia, kaning'ang'ania mkono. Mishari ametoka getini peke yake, anaweka kilemba sawa.

"Ana uso gani?" Mama ananong'ona. "Hessa, ana uso gani?"

Sijui, Mama. Naona mgongo tu. Lakini amefungua mageti yote mawili.