Taa Zilizofungiwa Kabatini

Kaka,

Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Shirika la umeme limepita mtaani na mpango wake wa kubana matumizi, likawafungia wazee taa mpya zisizokula umeme, bure kabisa. Jirani yetu mshonaji sasa anatunga uzi bila miwani, na hatupumui kwa majigambo yake. Mtaa mzima unang'aa, isipokuwa kwetu.

Mafundi walipoondoka tu na taa zetu za zamani, Mama alipanda stuli, akazichomoa zote, akazifungia kabatini. “Hizi za kaka yako, akirudi kujenga.” Nilipozirudisha, alizitoa tena, akauficha na ufunguo. Nimegomba mpaka sauti imenikauka.

Juzi alijikwaa kwenye korido gizani, sasa mkono umefungwa bandeji. Ufunguo wa kabati bado kauficha kifuani.

Simu zangu hupokei, basi soma. Mpigie, umwambie ulichoniambia mimi: kwamba hujengi, wala hurudi. Ukishindwa, mdanganye kwamba huko taa umeshapata. Mimi nimeshindwa yote mawili.

Ni mimi mdogo wako, nakuandikia kibarazani kwa mshonaji, kwenye mwanga.