Aliyeendesha Lori Hakuwa Baba

Doha,
Ijumaa mchana

Mdogo wangu Doto,

Mwangaluka. Najua utacheka nikikuita mdogo wangu wakati tumezaliwa siku moja, lakini mimi nilitangulia, na leo nataka ulikumbuke hilo. Mayu, mama yetu, hajambo? Wifi na watoto je? Pamba imeota vizuri au mvua imewachezea tena? Mimi mwili ni mzima. Kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ni ileile, joto ni lilelile. Barua hii nampa dada mmoja wa Magu tunayefanya naye kazi, anakuja likizo. Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu miezi hii mitatu simu imenidanganya vya kutosha.

Nianze mbali kidogo, maana nimekuwa nikiwaza sana habari za magemu yetu. Unakumbuka lile la nyoka kwenye simu ya vitufe ya Baba? Tulilala kifudifudi kwenye mkeka, wewe unabonyeza kushoto na kulia, mimi juu na chini. Mpaka leo sijaona gemu la haki kama lile. Nyoka akifa, amejigonga mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu. Halafu likaja lile la magari, kwenye kibanda cha gemu pale karibu na stendi ya Bariadi. Wewe na pedi ya gemu mkononi ulikuwa hufuati barabara. Kila kona ulikatia kwenye majani, ukijibamiza ukutani ili ugeuke upesi, na ulinishinda kila siku. Nilikwambia huo ni wizi. Ukasema gemu halijakataza.

Huku Mnepali ninayelala naye chumba kimoja aliniwekea gemu la kilimo. Nilicheza siku mbili nikaliacha. Unapanda, dakika kumi unavuna. Hakuna palizi, hakuna wadudu, hakuna mtu anayeangalia wingu. Aliyelitengeneza hajawahi kushika jembe. Mabinti wengine wanacheza la kupigana bunduki, hilo nalo limenishinda.

Lakini lile la malori ulilotuwekea mimi na Baba kabla sijaondoka, Doto, lile nililipenda kuliko yote. Watu hulidharau. Wanasema gemu gani hilo, unaendesha lori saa nzima unafikisha mzigo, basi. Hawajalelewa na dereva wa lori la pamba. Kila Ijumaa saa tisa tuliongozana kwa mtandao, yeye mbele mimi nyuma, na kwangu ilikuwa kama nimepanda naye lori kutoka Bariadi kupitia Lamadi hadi Mwanza. Baba aliwasha indiketa hata barabara ikiwa tupu. Kabla ya kona alipunguza mwendo mapema. Akimaliza mlima alisimama pembeni na kuniandikia, "Acha injini ipumue." Nilimwandikia kwamba injini ya gemu haichoki. Akajibu, "Dereva je?" Tukimaliza ananipigia, tunaongea mpaka bando linaisha.

Halafu simu zikakoma. Ukaniambia kipaza sauti cha simu ya Baba kimeharibika, anaweza kuandika tu. Nikimpigia mayu, Baba amekwenda Kimali kwa baba mdogo kuangalia ng'ombe. Nikipiga tena, amelala. Niliamini kwa sababu Ijumaa ikifika lori lake lilikuwa pale, mbele yangu, linawasha indiketa. Ulijitahidi, siwezi kukunyima hilo.

Ijumaa moja ya mwezi uliopita tulipita ile njia ya milimani. Kona ya kwanza ukapita vizuri. Ya pili ukapita vizuri. Ya tatu nadhani ulichoka au ulisahau, maana lori liliacha lami, likakatia kwenye majani, likajibamiza kwenye ukingo na kurudi barabarani bila kupunguza mwendo. Nilikuwa nimekaa kitandani, nikasimamisha lori langu. Sikuhitaji kufikiri. Nimekaa kando ya huo uendeshaji utoto wangu wote.

Nikaandika, "Doto, punguza mwendo."

Lori likasimama katikati ya barabara. Kisha ukaandika, "Umejuaje?"

Nilipokupigia ulikuwa tayari unalia. Ukaniambia Baba alianguka uani mwanzoni mwa msimu wa kupanda pamba, kwamba ni kiharusi, kwamba mkono wa kulia na mguu havina nguvu na maneno yanatoka kwa shida. Nikakuuliza nani anajua. Ukasema, "Watu wa nyumbani tu." Nikakubana. Kumbe baba mdogo anajua. Shangazi anajua. Jumuiya ilikuja kusali nyumbani na kumtaja Baba kwa jina. Majirani walimwombea, na mimi niliyetoka kwake nilikuwa Doha namtania kuhusu injini.

Ukasema, "Tuliogopa utaacha kazi, kama ulivyoacha chuo mayu alipopasuliwa."

Ni kweli niliacha chuo. Nililia kwa kukiacha, lakini sijawahi kujuta kwamba nilikuwepo mayu alipofumbua macho. Nilichagua mwenyewe. Safari hii mlichagua kwa niaba yangu, na ili nisihisi, wewe pacha wangu ukavaa jina la Baba na kunijibu kama yeye. Siku ile nilipomwandikia kwamba nimeota nimerudi nyumbani, ni wewe uliyesoma. Nilimwambia Baba mambo ambayo nisingekwambia wewe, na ukajibu, "Vumilia mwanangu." Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Halafu ukawasha kamera, ukamwelekezea Baba simu nimwone. Mdomo wake umevutwa upande mmoja. Nikamwamkia, akaitikia nusu ya marahaba. Kisha akasema, neno moja moja, kama mtu anayepandisha mzigo, "Ni mimi. Nilimwambia. Usimgombeze." Ukaeleza kwamba kila Ijumaa alikaa kando yako na kukugusa bega ukienda kasi, na kwamba siku ile ya kona alikuwa amesinzia.

Nikamwambia, "Baba, basi na wewe nimekukasirikia." Sijawahi kumwambia mzazi neno kama hilo. Alifumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Nikakata simu, nikaenda kupiga pasi mashuka.

Tangu siku hiyo hujanipigia na mimi sijakupigia. Nimelifuta lile gemu. Nimeomba likizo, msimamizi amekubali, wiki tatu; nitafika baada ya mwisho wa mwezi. Mkataba utanisubiri. Mngeniuliza, ningewaambia hivyo tangu siku ya kwanza.

Mpaka nitakapofika, usiniandikie kwamba anaendelea vizuri. Niandikie kama leo ameshika kijiko. Niandikie kama amemwita mtoto wako kwa jina lake au kwa jina lingine. Kama usiku amelia, niandikie amelia. Najua ni wewe unayemwogesha na kumbeba kumtoa nje asubuhi, na kwamba mgongo umeanza kukusumbua; wifi kaniambia. Kwa hilo nakushukuru kwa moyo wote. Shukrani hiyo haijaondoa lile lingine, na usitegemee iliondoe upesi.

Msalimie mayu, mwambie simchukii lakini tutazungumza. Baba mdogo wa Kimali umwambie nimesikia ng'ombe wake walitembelewa sana mwaka huu. Shangazi wa Lamadi anayeuza dagaa apate salamu zake, alinipigia mara nne na kunieleza bei ya samaki. Wifi yangu nampa mkono, yeye peke yake hakuniongopea, maana kila nilipouliza alinyamaza.

Siku nitakayoingia uani usianze kunieleza chochote. Nitafutie kigoda, ukiweke upande wake wa kulia, ule ambao mkono hausikii, kisha utupishe.

Ni mimi pacha wako,
Kulwa